Bisibisi na Pete za Zohali

Darubini yangu ya kwanza niliinunua kwa dola 25, Septemba 2012, mbele ya gereji ya nyumba moja pembezoni mwa jiji la Columbus, jimbo la Ohio. Huku Jumamosi mtu hutoa vitu vyake vya zamani akavipanga nje: sahani, vitabu, viatu vya kutelezea barafuni. Mke wangu alikuwa amenituma baiskeli ya mtoto. Nilirudi na sanduku la mbao lililonifika kiunoni, mtoto akalia hadi usiku.

Bibi aliyeniuzia alisema ilikuwa ya kaka yake, walinunuliwa na wazazi wao wakiwa wadogo, na yeye hakuwahi kuruhusiwa kuigusa. Alilisema hilo la pili kwa kisirani, kama mtu aliyesubiri miaka hamsini kuiuza. Nilipofungua kifuniko nilipigwa na harufu ya grisi iliyozeeka. Ndani, kwenye vishikizo vyake, lilikuwa limelala bomba jeupe, refu na jembamba, lenzi yake ya mbele ikiwa na upana wa milimita 60. Kibati kilikuwa na jina la Sears, lile duka kubwa lililokuwa likiwauzia Wamarekani kila kitu kwa katalogi, na chini yake, kwa herufi za kuoneana haya, neno Japan. Karibu na hapo palikuwa na stika ndogo ya dhahabu yenye umbo la yai, kuthibitisha kwamba imekaguliwa ikapita.

Lakini kilichonishika ni kifuniko chenyewe. Upande wa ndani palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa mtoto wa skuli, mistari kama kumi na mbili. Mwezi na tarehe. Sayari ya Mshtarii na vidoti vinne pembeni yake, yaani miezi yake, vimechorwa. Mstari wa mwisho, nikiugeuza kwa Kiswahili, ulisema hivi: “Oktoba 1966. Zohali. Pete hakuna??” Zohali ndiyo ile sayari inayojulikana kwa pete zake. Alama za kuuliza zilikuwa mbili, na ya pili ilikandamizwa hadi ikachimba mbao.

Mstari huo ndio ulioniponza.

Kwanza niseme hizi darubini zilifikaje hapa, maana sasa ninazo kumi na moja na kila mgeni anayeshuka chini kwenye ghorofa la ardhini ananiuliza kama nimefungua duka. Baada ya vita kuu kwisha mwaka 1945, Japani ilikuwa na mafundi wengi wa lenzi waliokuwa wakitengenezea jeshi vifaa, na ghafla jeshi halipo. Wakageukia kamera, darubini za macho mawili, na hizi za nyota. Karakana nyingi zilikuwa ndogo, nyingine huko Itabashi, Tokyo, mmoja anasaga kioo, mwingine anachonga shaba, mwingine anakusanya. Serikali yao ilijua kwamba bidhaa mbovu ingewaharibia jina soko zima, ndiyo maana kukawa na ukaguzi kabla ya kusafirisha, na ile stika ya dhahabu. Waagizaji wa Marekani nao wakabandika majina yao. Tasco, kwa mfano, ilianzia Miami mwaka 1954. Kwa hiyo unaweza kukuta darubini mbili zenye majina tofauti na matumbo yaleyale, au jina moja na mafundi wawili mbalimbali. Wakusanyaji wanaweza kubishana usiku kucha kwa ajili ya alama ndogo iliyogongwa kwenye shaba. Nimeshakaa kwenye mabishano hayo. Yanafanana na ya kuandama kwa mwezi: hakuna anayehama alipokuwa amekaa.

Halafu tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, satelaiti ya kwanza, na Marekani nzima ikatoka nje kutazama juu. Mzazi aliyetaka mwanawe awe mwanasayansi alimnunulia darubini. Mwenye nacho alinunua Unitron, zilizotangazwa na kampuni ya Boston: ya inchi 2.4 kwa dola 125, na ile ya inchi 4 yenye stendi ya kufuata mzunguko wa nyota kwa dola 785. Wakati ule hizo zilikuwa pesa za kununulia gari lililotumika. Wasio nacho walikwenda Sears.

Na sisi Waunguja tuna mkono wetu mdogo kwenye habari hiyo. John Glenn, mwanaanga, mtu wa Ohio hii hii, alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, moja ya vituo vilivyokuwa vikizungumza naye kilikuwa chetu, kituo cha Wamarekani cha Tunguu. Kilifungwa mwaka 1964. Marehemu baba alikuwa mtoto, na alichokumbuka ni uzio na gari nyeupe zilizopita bila kupiga honi. Leo nikishuka uwanja wa ndege wa Columbus nashukia kwenye jina la Glenn, na kila mara nasema moyoni, wewe tunakujua, ulipita juu ya mashamba yetu.

Turudi kwenye bisibisi, na ile darubini ya dola 25.

Jioni ile ile niliisimamisha darubini uwanjani. Mwezi ulikuwa mzuri ajabu, lakini nilipoangaza tochi ndani ya bomba niliona utando mwepesi katikati ya vioo vya mbele. Zohali msimu ule ilikuwa inazama pamoja na jua, sikuweza kuitumia kama kipimo. Nikaunganisha mambo mawili yasiyohusiana: utando huu, na mtoto wa 1966 ambaye hakuona pete. Nikajiambia, basi lenzi hii ilitoka kiwandani na kasoro. Mtoto wa watu alidhulumiwa. Mimi nitaitengeneza.

Lenzi ya mbele ya darubini hizi si kioo kimoja. Ni viwili, cha mbele kimebinuka pande zote mbili, cha nyuma ni kizito zaidi na kimeingia ndani, na kazi ya kile cha pili ni kurekebisha rangi ambazo cha kwanza kimezitawanya. Hata hivyo marekebisho hayakamiliki, na ndiyo sababu ya bomba kuwa refu vile: lenzi ya milimita 60 inakusanya mwanga umbali wa milimita 900, mara kumi na tano ya upana wake, na kwa urefu huo ule uzambarau unaozunguka ukingo wa mwezi hupungua hadi usiusumbue macho. Katikati ya vioo hivyo viwili kuna vipande vitatu vya bati laini kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele, vimepangwa kwa umbali sawa ukingoni. Kazi yao ni kuviacha vioo visigusane.

Haya yote nayajua leo. Siku ile nilijua kwamba kuna pete ya kuzungusha na kwamba imekaza. Nilivaa glavu ya mpira ya mke wangu ya kuoshea vyombo, nikaizungusha, ikatoa mlio kama mlango wa kabati, na vioo vikaniangukia kiganjani vyote viwili. Sikuweka alama ya penseli ukingoni. Sikuangalia upande gani ulikuwa mbele. Nilivipeleka kwenye sinki la jikoni na sabuni ya vyombo, nikafungua maji, na kipande kimoja cha bati kikazunguka mara moja tu kwenye tundu la sinki, kikaenda zake.

Nilivirudisha vioo nikiwa na vipande viwili na ujasiri mwingi. Usiku nikaielekeza kwenye nyota ya Vega, iliyokuwa karibu utosini. Nyota kwenye lenzi nzuri huonekana kama nukta, na ukivuta macho sana unaona kijiduara chembamba kikiizunguka. Yangu ilikuwa kiluwiluwi. Kichwa na mkia. Nikageuza kioo cha mbele kwa kudhani nilikuwa nimekirudisha kinyume, na sasa sikuona hata kiluwiluwi, niliona ukungu wa uji.

Kuitengeneza kulinichukua majira yote ya baridi. Nilikata vipande vitatu vipya kutoka kwenye ule mkanda wa alumini wanaotumia mafundi wa mabomba ya hewa, vyote vya unene mmoja, maana kubandika viwili vya zamani na kimoja kipya ni kulazimisha kioo kiinamie upande. Kisha nikakizungusha kioo cha nyuma, kila mara sehemu moja ya nane ya duara, nikitafuta mkao wake wa mwanzo, na sasa penseli ilifanya kazi. Kila zungusho nalipima kwa nyota, na nyota Ohio Januari ni za kubahatisha. Wiki nzima mawingu, likija anga safi linakuja na baridi ya kukausha kope. Zungusho la sita ndilo. Nyota ikawa nukta, na kijiduara chake.

Aprili 2013 Zohali ilirudi angani jioni, nikaielekeza, na pete zilikuwepo. Nilimwamsha mke wangu. Alikuja na blanketi, akatazama, akasema “Kama ya kuchora,” akarudi kulala. Mimi sikulala. Nilikuwa nimeitengeneza darubini mbovu ya tangu 1966! Kisa hicho nilikihadithia kila mgeni aliyekula pilau nyumbani kwetu kwa miaka mitatu.

Aliyenikata kilemba ni mzee mmoja, fundi umeme mstaafu, kwenye kikundi cha watazama nyota ambacho nilikuwa nimejiunga nacho. Nilipofika kwenye 1966 alinisimamisha, akaniomba nirudie mwaka. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole akirudi nyuma: 2009, 1995, 1980, 1966. Zohali huchukua miaka kama 29 na nusu kulizunguka jua, akasema, na imeinama kama pia ya kuchezea. Mara mbili katika mzunguko huo pete zake hutuelekezea ukingo. Upana wake ni zaidi ya kilomita laki mbili na nusu, unene wake sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Ni kama kuishika karatasi usawa wa macho: ipo, huioni. Oktoba 1966 ilikuwa moja ya nyakati hizo.

Kwa hiyo lenzi haikuwa na ubaya wowote. Mtoto alitazama vizuri, akaandika alichokiona, akauliza. Darubini ilikaa nzima miaka arobaini na sita ikinisubiri mimi na glavu ya mpira. Kisa kile sikukihadithia tena kwa namna ile.

Tangu hapo nimenunua nyingine, na karibu kila moja iliyoharibika iliharibiwa na mtu aliyeipenda. Kuna iliyopakwa rangi upya, ya dhahabu, hadi juu ya stika. Kuna ambayo mwenyewe alisugua lenzi kwa shati kila Jumapili mpaka ule utando wa rangi ya samawati waliopaka kiwandani ukatoka katikati. Waliozisahau darini walitunza vizuri zaidi, isipokuwa skrubu. Skrubu za miguu hupotea. Hizi darubini zina miguu mitatu ya mbao na kisinia katikati cha kuwekea lenzi za jicho, na karibu kila niliyonunua ilikosa skrubu moja ya masikio. Nimejifunza kuuliza stendi kabla ya kuuliza bei. Bomba bila stendi yake utalitundika ukutani tu. Na lenzi za jicho zina kipenyo cha inchi 0.965, si 1.25 ya siku hizi, kwa hiyo za dukani haziingii. Ile yenye kukuza kuliko zote, iliyoandikwa milimita 4, iachie sandukuni. Iliwekwa ili sanduku liweze kutangaza kwamba darubini inakuza mara mia mbili na zaidi, wakati lenzi ya mbele ya milimita 60 ikishafika mara 120 imemaliza. Wangapi walitazama kwa hiyo siku ya kwanza, wakaona giza linalotetemeka, wakairudisha chumbani moja kwa moja?

Kitu kimoja tu huwa nakitoa sandukuni na kukivunja kwa nyundo: kile kioo cheusi cha kutazamia jua, chenye maandishi SUN. Kimetengenezwa kufungwa kwenye lenzi ya jicho, mahali ambapo joto lote la jua limekwisha kukusanywa. Kikipasuka, na hupasuka, jicho liko nyuma yake. Kwenye sanduku langu la tatu nilikikuta na ufa kutoka ukingo hadi ukingo, na nilikaa kitako kwanza nikimfikiria aliyekuwa akitazama.

Jua lilipopatwa tarehe 8 Aprili 2024 niliichukua ile ya dola 25 nikaendesha hadi Wapakoneta, mji aliozaliwa Neil Armstrong, maana Columbus ilikosa giza kamili kwa umbali mdogo. Hakuna aliyetazama ndani yake. Nililiacha jua lipite likaangukie kwenye kadibodi nyeupe, duara la ukubwa wa kisosi likiwa na madoa yake, na watu nisiowajua wakajipanga kuona likiliwa polepole. Kiasi cha saa tisa mchana likazimika, karibu dakika nne. Ndege walinyamaza. Swala ya kupatwa niliiswali nyuma ya gari, na mtoto wa Kimarekani akamuuliza mama yake kama ile ni sehemu ya maonyesho.

Na mimi pia nimeharibu kwa kupenda, mara ya pili. Mwaka 2015 nilituma darubini moja Unguja kwenye kontena, ndani ya pipa, nimeizungushia nguo za watoto. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilimwambia mama aitunze. Nilipokwenda 2018 alinipeleka kabatini kwa fahari, akafungua kufuli, na darubini ilikuwa imefunikwa kwa kanga mpya, doti ambayo hata haijakatwa. Haikuwahi kutolewa. Miaka mitatu, joto, unyevu wa bahari, kabati lisilopitisha hewa. Ndani ya lenzi ukungu ulikuwa umeota nyuzi kama za buibui, kutoka ukingoni kuja katikati.

“Nimekutunzia, mwanangu,” alisema.

Nilimshukuru. Ningesema nini?

Niliifungua sebuleni kwenye mkeka, alama ya penseli kwanza, vipande vya bati nikavihesabu kwa sauti mbele ya wapwa zangu kama mashahidi. Ukungu ulitoka mwingi, ila nyayo zake zimebaki kwenye kioo na hazitatoka. Safari hii sikuirudisha kabatini. Niliisimamisha ukumbini, karibu na mlango wa uani, upepo upite, nikamwambia mpwa wangu, aliyekuwa na miaka sita, kwamba hii ni ya kutumiwa. Mama alinitazama kama niliyeacha dhahabu njiani. Wameitumia kweli. Imepigwa mpira, imepandwa na paka, imetazama Kilimia na meli za Dar. Wakati wa kuandama mwezi mtaa mzima hupiga foleni uani kwa dada, na yeye amekwisha kusema yatakayoonekana humo hayamhusu, aulizwe mufti. Skrubu ya mguu mmoja imepotea, wameufunga kwa uzi wa mshipi.

Novemba 2025 nilikuwa nimelala. Nafanya kazi ghalani usiku, mchana wa hapa ndio usiku wangu. Simu ikalia ujumbe wa sauti kutoka Unguja, ambako ilikuwa saa mbili usiku. Mpwa wangu, sasa ana miaka kumi na mitatu na sauti inayovunjika.

“Mjomba, shikamoo. Darubini imeharibika. Tunaitazama Zohali, miaka yote ilikuwa na pete, leo haina. Imebaki kidude tu na kama uzi unapita katikati, tena kwa shida. Nafikiri ni lenzi. Lakini usijali, mjomba, bisibisi ninayo.”

Nilimpigia kabla sijakaa vizuri kitandani. Ikaita. Ikaita tena. Alipopokea nilisikia sauti za watoto wengine uani, na kitu cha chuma kikigonga sakafu.

“Umeshafungua?” nilimuuliza.

“Bado, mjomba. Natafuta penseli.”